Seli haitui pasipo na pa kushika

Asubuhi ile niliwahi maabara saa moja kasoro, walinzi bado wanakabidhiana zamu, kwa sababu usiku kucha nilikuwa nawaza seli zangu. Ilikuwa wiki ya tatu ya mafunzo yangu katika maabara moja inayoshughulika na virusi, na siku iliyotangulia ndiyo kwanza nilikuwa nimeachiwa kupanda seli mwenyewe, bila mtu wa kunisimamia. Nikatoa sahani kwenye inkubeta, nikaiweka chini ya hadubini, nikarekebisha lenzi. Nguvu zikaniishia.

Seli za Vero, zilizotokana na figo ya tumbili na zinazotumika kukuzia virusi, zikiwa na afya njema hujitandaza chini ya sahani kama vigae vilivyopangwa na fundi hodari, kila kimoja kimebanana na jirani yake. Zangu zilikuwa zimejikusanya madonge madonge, zinaelea. Nikiinamisha sahani upande huu zinakwenda na maji, nikiinamisha upande ule zinarudi. Hakuna hata moja iliyoshika chini.

Nikaanza kujihoji. Midia, yaani yale maji yenye chakula cha seli, imeharibika? Rangi yake ilikuwa nyekundu nzuri kama inavyotakiwa. Kuvu wameingia? Sikuona uzi hata mmoja. Tripsini, ile dawa ya kuzibandua seli kutoka chombo cha zamani, niliiacha ikae mno? Nilikuwa nimehesabu dakika kwa saa ya ukutani. Msimamizi wangu, mama wa makamo aliyeanza kazi hiyo mimi sijaingia hata darasa la kwanza, akaja, akachungulia mara moja, wala hakugusa kitu.

"Mwanangu, hizi umezipanda kwenye sahani gani?"

"Ya petri, mama."

"Ya petri ipi?"

Sikumwelewa. Akaenda stoo, akarudi na sahani mbili, akaziweka mezani sambamba. Zote plastiki, zote nyeupe kama kioo, ukubwa mmoja. Akavuta maji kwa pipeti akadondosha tone moja kwenye kila sahani, kisha akaniambia niiname mpaka macho yangu yawe usawa wa meza. Kwenye sahani ya kwanza tone lililala, likapanuka. Kwenye ya pili lilijikunja, likanyanyuka mgongo kama mtu anayejivuta asiguse godoro lililoloa.

"Hii ya kujikunja ni ya bakteria," akasema. "Ndiyo uliyotumia. Chakula umezipa, joto umezipa, hewa umezipa. Umezinyima pa kushika."

Ni miaka mingi sasa, na nimeshapanda seli katika sahani nisizoweza kuzihesabu, lakini bado sijaona somo la biolojia lililoniingia kama lile. Shuleni tulifundishwa kwamba seli huongozwa na vinasaba vyake na kemikali zinazoizunguka. Ni kweli. Ila hatukuambiwa kwamba sakafu nayo inatoa amri, na kwamba amri yake inaweza kuzishinda zile nyingine. Kuna watu waliolichukua jambo hilo wakalifanya kuwa ufundi: wanatengeneza sakafu yenye maeneo ya kukaribisha na maeneo ya kukataa, kisha seli zenyewe zinajipanga. Na kinachotumika kukataa ni kitu ambacho mtu aliyekulia migombani amekichezea tangu utotoni.

Nyumbani kwa bibi yangu, mteremko wa Kilimanjaro, magimbi yalipandwa kandokando ya mfereji, chini ya migomba, pale udongo haukauki. Mvua ikikatika, katikati ya kila jani hubaki tone moja kubwa, la mviringo, linang'aa. Tulikuwa tunalishika jani kwa shina tukiliyumbisha, tone linakimbia huku na huku wala haliachi alama. Anayelimwaga ameshindwa. Bibi akituona alipaza sauti: "Wajukuu zangu, yaacheni hayo majani, mvua haijaisha, mtayataka ya kujifunika!" Na tuliyataka kweli. Jani la gimbi ni mwavuli usiolowa.

Lakini jambo lililokuwa likinishangaza zaidi ni hili. Ukilizamisha lile jani ndani ya mfereji, likiwa chini ya maji linageuka rangi. Kijani kinatoweka, unaona fedha inayometameta. Ukilitoa ni kavu, na kijani kimerudi. Nilidhani maji ndiyo yanayolipaka. Ilinichukua mpaka chuoni kujua kwamba ile fedha ni hewa. Jani linashuka majini likiwa limevaa shuka nyembamba ya hewa, na mwanga unapogonga pale maji yanapokutana na hewa unarudi kama umegonga kioo.

Aliyeeleza vizuri siri ya majani haya ni mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Wilhelm Barthlott wa Chuo Kikuu cha Bonn. Miaka ya 1970 alikuwa akipiga picha za nyuso za majani kwa hadubini ya elektroni, kazi ambayo inataka majani yasafishwe kwanza. Akaona mimea fulani haina haja ya kusafishwa, kila mara imeshakuwa safi. Cha ajabu, si ile yenye majani laini. Ni ile yenye majani ya mikwaruzo. Mwaka 1997 yeye na mwenzake Christoph Neinhuis walichapisha kazi iliyojulikana sana, wakiwa wamepaka uchafu wa aina mbalimbali kwenye majani na kuyanyeshea mvua ya bandia. Nyota wao alikuwa yungiyungi la Asia, lakini gimbi letu nalo lilikuwamo katika mimea waliyoipima. Nilipoliona jina lake la kisayansi, Colocasia esculenta, nikamkumbuka bibi na mfereji wake.

Kwa macho, jani la namna hiyo ni laini kama ngozi ya mtoto. Kwa hadubini ni uwanja wa vichuguu. Kila kichuguu kina upana wa maikromita kama 10, yaani sehemu kumi za elfu za milimita, na juu yake pamejaa vijiti vya nta vidogo kupita kiasi, vya nanomita mia hivi. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Tone la maji likitua pale haliingii mabondeni. Mfano wake ni mtu aliyelala kwenye kitanda cha kamba: mgongo unagusa kamba tu, na kati ya kamba na kamba kuna upepo mtupu. A. B. D. Cassie na S. Baxter walishaiandikia hesabu hali hii mwaka 1944, wakionyesha kwamba kadiri kamba zinavyokuwa chache na hewa kuwa nyingi, ndivyo tone linavyozidi kujiviringisha. Mafundi wa nyuso hupima pembe ambayo ukingo wa tone unafanya na sakafu. Ikizidi digrii 90, sakafu haipendi maji. Ikizidi 150, na tone likateleza kwa kuinamisha kidogo tu, sakafu hiyo inayakataa kabisa.

Sasa turudi kwa seli, maana mtu anaweza kuuliza: seli si maji, kwa nini sakafu isiyotaka maji isitakiwe na seli?

Kwanza lazima tukubali kwamba seli nyingi za mwili haziwezi kuishi zikielea. Seli za damu ndizo zilizoumbwa kwa safari. Nyingine, za ngozi, za figo, za ini, za mishipa, zinataka kushika kitu. Ross Harrison, aliyekuwa wa kwanza kufanikiwa kukuza tishu nje ya mwili, mwaka 1907, alitumia tone la limfu (majimaji ya mwilini) lililoning'inia chini ya kioo, ndani yake kipande cha mfumo wa fahamu wa kiinitete cha chura. Limfu ilipoganda ndipo nyuzi za neva zilipochomoza. Miaka saba baadaye, mwaka 1914, alifanya jaribio ambalo mimi nalipenda kuliko yote ya zama zile: alichukua utando wa buibui, akaunyoosha ndani ya majimaji, akaziweka seli humo. Seli zikaufuata uzi. Pale uzi ulipokwenda, nazo zikaenda, zimejivuta kwa urefu wake kama mtambaa akifuata kamba ya nguo. Hakuna dawa iliyowekwa kuziita. Uzi tu.

Seli ikikosa kabisa pa kushika huwa haingoji. Inajiua. Mwaka 1994 Frisch na Francis waliipa hali hiyo jina kutoka Kigiriki, anoikisi, neno linalobeba maana ya kukosa makao. Ni ulinzi mzuri wa mwili: seli ya ini iliyobanduka na kusombwa na damu haina ruhusa ya kwenda kujenga ini kwenye pafu. Saratani inayosambaa huwa imeshajifunza kuikwepa sheria hiyo.

Halafu kuna jaribio la mwaka 1997, la Christopher Chen akishirikiana na George Whitesides, Donald Ingber na wengine huko Boston, ambalo nikilieleza kwa wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo huwa wananyamaza. Walichapa sakafuni visiwa vya protini ya kushikia, vya ukubwa tofauti, na nje ya visiwa wakaacha sehemu isiyoshikika. Wakapanda seli za mishipa midogo ya damu. Midia moja, joto moja. Seli iliyotua kwenye kisiwa kikubwa ilijitandaza ikaishi na kugawanyika. Iliyotua kwenye kisiwa kidogo, ikabaki imejikunyata, ikafa. Wakahofia pengine ni wingi wa protini iliyoshikwa ndio unaoamua. Basi wakaligawa eneo lile dogo kuwa vidoa vilivyotawanyika mbalimbali, seli ikalazimika kujinyoosha ili ivifikie, huku jumla ya eneo lililoshikwa haijaongezeka. Ikaishi. Kumbe kilichoamua ni nafasi ya kujinyoosha. Kila nikisoma matokeo haya nawaza wale waliojenga nyumba za chumba kimoja wakasema watu ni wale wale, watazoea.

Wenzao huko Lille, kaskazini mwa Ufaransa, wakafika mahali hapo kwa njia ya gimbi. Kundi la watafiti, miongoni mwao Gaëlle Piret na Rabah Boukherroub, lilichapisha mwaka 2011 kazi iliyotumia msitu wa nyuzi za silikoni. Nitaeleza jinsi msitu huo unavyooteshwa, kwa sababu ni ufundi wa kupendeza. Unachukua kipande cha silikoni, ile ile ya kompyuta, unakitumbukiza kwenye asidi ya haidrofloriki iliyochanganywa na chumvi ya fedha. Fedha inatua juu ya silikoni vipunje vipunje. Kila kipunje kinayeyusha silikoni iliyo chini yake na kuzama, kama kaa la moto lililowekwa juu ya ubao. Pasipo na kipunje panabaki pamesimama. Baada ya muda kilichokuwa sakafu ya kung'aa kimekuwa msitu mweusi wa nyuzi zilizosimama wima, nyembamba kwa makumi ya nanomita. Onyo kwa kijana yeyote anayesoma hapa: asidi hiyo ni ya hatari mno, inapenya ngozi hadi mfupani, haichezewi nje ya maabara iliyotayarishwa.

Msitu huu ukiwa mtupu unapenda maji kupita kiasi. Tone likigusa tu linanywewa, pembe inakaribia sifuri. Robert Wenzel alishaeleza sababu mwaka 1936: mikwaruzo haina upande, inazidisha tu tabia iliyopo. Sakafu inayopenda maji, ukiikwaruza, itayapenda zaidi. Sakafu isiyoyapenda itayachukia zaidi. Kwa hiyo ukiuvika msitu ule ule koti la molekuli zenye mikia ya mafuta, uliokuwa unakunywa maji unageuka kuwa jani la gimbi. Na ukilivua koti hilo sehemu unazochagua, kwa mbinu ya mwanga na kinyago kama ile ya kuchora saketi za kompyuta, unapata ramani: hapa panapokea, hapa panakataa, na nyuzi ni zile zile kila mahali.

Wakapanda seli za CHO juu yake. Hizi ni seli zilizotoka kwenye ovari ya hamsta wa China mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndizo viwanda vya dawa nyingi za protini. Seli zikatua na kustawi kwenye maeneo ya kupokea. Kwenye maeneo ya kukataa karibu hapakuwa na kitu. Mpaka wa seli ukafuata mpaka uliochorwa.

Hapa ndipo nataka nikae kidogo, kwa sababu maelezo mengi ya juu juu yanasema "seli haipendi sakafu isiyopenda maji", kisha yanaishia hapo. Si hivyo. Seli haijui habari za maji na nta. Seli haikanyagi sakafu hata siku moja, inakanyaga mkeka. Midia yetu ina seramu, yale majimaji yanayobaki damu ikishaganda, na seramu ina protini nyingi. Dakika ile ile unapomimina midia, kabla seli haijafika chini, protini zimeshawahi na kujitandika. Mbili kati yake, faibronektini na vitronektini, zina herufi za siri ambazo mikono ya seli inazitambua. Erkki Ruoslahti na Michael Pierschbacher walionyesha mwaka 1984 kwamba kiini cha fumbo la faibronektini kiko kwenye asidi amino, vile vipande vinavyojenga protini, tatu tu zilizofuatana. Mkono wa seli ukizipata hizo tatu, unashika.

Kwa hiyo sakafu inatawala seli kwa kuutawala mkeka. Plastiki ya sahani za seli huwa imepigwa plazima kiwandani, gesi yenye chaji za umeme, ili ipendane kidogo na maji. Hapo faibronektini inatua ikiwa na umbo lake, mikono inaiona. Plastiki ya sahani za bakteria haikupigwa. Protini zinatua vilevile, tena kwa wingi, lakini zinajibamiza na kupindika, na albumini, protini nyingine ya seramu isiyo na herufi hizo, inazitangulia na kuzijaza nafasi. Mkeka upo, ila umetandikwa umepinduliwa. Ndicho kilichozipata Vero zangu. Na kwenye msitu wa Lille wenye koti, jambo ni jingine tena: hapana hata sakafu ya kutandikia. Chini ya midia kuna hewa. Mkeka utatandikwaje juu ya upepo?

Jingine linalofaa kusemwa wazi ni kwamba sakafu inayopenda maji mno nayo inaweza kukataa. Judah Folkman na Anne Moscona, mwaka 1978, walipaka sahani zao poli-HEMA, plastiki inayolowa na kuvimba kwa maji, na kadiri walivyoipaka nene ndivyo seli zilivyoshindwa kujitandaza, na zilivyojikunyata ndivyo zilivyoacha kutengeneza DNA mpya. Protini hazipati pa kutua juu ya maji kama zisivyopata juu ya hewa. Sakafu zinazokaribisha seli ziko katikati ya ncha hizo mbili, au zina mikwaruzo ya kutosha kuushikilia mkeka. Ndiyo maana sipendi maandiko yanayogeuza ufundi huu kuwa kanuni ya neno moja.

Na hewa ina mwisho wake. Shuka ile ya fedha niliyoiona mferejini, ukiliacha jani chini ya maji siku nzima, inapungua. Hewa inayeyuka ndani ya maji polepole. Midia ni kali zaidi kuliko maji ya mfereji, kwa kuwa protini zake hupunguza ule mvutano unaolifanya tone lijikunje, na zinajibandika kwenye vichwa vya nyuzi moja baada ya nyingine. Mlango ukishafunguka mahali pamoja, maji yanaingia msituni, na maji yakiingia hayatoki kwa hiari. Anayetaka kulinda mpaka wa seli kwa siku mbili tatu ana chombo kizuri. Anayetaka kuweka sakafu hiyo ndani ya mwili wa mgonjwa kwa miaka 10 ana kazi kubwa bado.

Kwa upande wangu, faida ninayoiona karibu kuliko zote haiko mwilini, iko mezani kwetu. Pavel Levkin na wenzake katika Taasisi ya Teknolojia ya Karlsruhe, Ujerumani, walichukua wazo hili la kupokea na kukataa wakachora juu ya kipande cha kioo, kile cha kawaida cha hadubini, mamia na maelfu ya vyumba vidogo vinavyopenda maji, vimezungukwa na kuta nyembamba zinazoyakataa. Kuta hazina kimo. Ni tabia tu ya sakafu. Unapitisha midia yenye seli juu ya kioo kizima, unakiinamisha, midia inakimbia, na nyuma yake kila chumba kimebaki na tone lake, halijachanganyika na la jirani. Seli ziko ndani ya tone, zinashika chini yake. Sasa una maelfu ya majaribio kwenye kitu unachoweza kukitia mfuko wa shati.

Mtu wa nje anaweza asione uzito wa jambo hili. Mimi ninayejaza fomu za kuagiza vifaa nauona. Katika sahani ya vishimo 96, kila kishimo naweka maikrolita 100 za midia. Tone la nanolita 100 ni sehemu moja ya elfu ya hizo. Seramu inasafiri kwenye barafu kutoka ng'ambo, inakwama, inachelewa, na chupa ikifika huwa tunaigawa kama mama anavyogawa nyama ya sikukuu. Kuna majaribio ambayo vijana wenye akili wamenijia nayo, nikawaambia yasubiri, si kwa kuwa wazo ni baya, ila dawa ya kupima iliyopo haitoshi vishimo 20. Matone elfu kwa kishimo kimoja! Najua matone madogo hukauka upesi na yanataka unyevu uliodhibitiwa, najua mashine ya kudondosha dawa ndani yake ina bei yake. Hata hivyo, ikiwa ufundi huu utapata mtu wa kuutengeneza kwa gharama nafuu, ningependa uanzie katika maabara kama zetu, zinazohesabu kila tone.

Kuna swali ambalo huwa naulizwa na wauguzi: je, mipira ya mkojo na vifaa vya hospitali visipakwe nyuso hizi ili bakteria wasishike? Wazo hilo linafanyiwa kazi sehemu nyingi, ila nawaomba watu wasichanganye mambo mawili. Kuna uso unaokataa bakteria asitue, na kuna uso unaomwacha atue kisha unamuua. Bawa la nyenje wa Australia, lililochunguzwa na Elena Ivanova na wenzake mwaka 2012, linakataa maji, lakini silo hilo linalowaua bakteria. Vinguzo vya nano vilivyo juu ya bawa vinalivuta na kulitoboa ganda la bakteria anayetua. Walipolipaka bawa dhahabu nyembamba, likapungua kukataa maji, bakteria wakaendelea kufa. Ukinunua kitu kilichoandikwa "nano" bila kuambiwa kinafanya lipi kati ya hayo mawili, muulize anayekuuzia.

Mwezi uliopita umeme ulikatika nikiwa na mtoto wa kaka yangu, yuko darasa la sita, anapenda kuuliza. Tuliwasha mshumaa. Nikachukua kipande cha kioo cha hadubini, nikakishika kwa koleo juu ya moto, pale ncha ya mwali inapotoa moshi, mpaka kikawa cheusi tii. Masizi ya mshumaa ni vipunje vya makumi machache ya nanomita, vimeshikana kama mkufu uliovurugika, na hewa imejaa katikati yake. Mwaka 2012 watafiti huko Mainz, Ujerumani, waliyatumia masizi hayo hayo kama kalibu: wakayavika ganda la silika, kitu kile kinachojenga kioo, wakayachoma yaishe, likabaki ganda linalopitisha mwanga, kisha wakalivika koti la molekuli zisizopenda maji wala mafuta, likayakataa yote mawili.

Sisi hatukuwa na silika. Tulikuwa na maji ya kunywa na bomba la sindano lisilo na sindano. Nikadondosha tone taratibu, likasimama juu ya weusi, la mviringo, likateleza likaanguka mezani kabla hajamaliza kusema "shangazi, tazama!" Tukarudia mara nne. Tone la nne lilikuwa limebeba weusi kidogo, masizi hayajashikizwa na kitu, yanabanduka.

Kisha nikachukua pamba ya masikioni, nikailowesha spiriti, nikafuta vidoa vitatu kwenye masizi, kila kimoja kama punje ya dengu, mpaka kioo kikaonekana. Nikampa yeye bomba. Akadondosha maji ovyo ovyo, kama mtoto. Mengi yalikimbia. Matatu yalipofika kwenye vidoa yalisimama. Nikamwambia akishike kioo, akiinamishe.

Akakiinamisha kidogo, akakiinamisha zaidi. Akakisimamisha wima kabisa mbele ya mshumaa, matone matatu yamening'inia kila moja mahali pake, mwali unaonekana umepinduka ndani yake.

"Shangazi, na seli nazo zinakaa hivi?"

Nikamwambia Jumatatu aniombe ruhusa kwa mama yake, nimchukue maabara akaone.